Kupamba chumba cha mtoto kwa fedha kidogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wazazi wanaotaka kutengeneza chumba cha watoto huuliza maswali yale yale. Galoni moja ya rangi inatosha? Nianze na kitanda au na kuta? Nyumba ni ya kupanga, nitafanyaje? Kwa nini picha za kubandika zinadondoka kabla mwezi haujaisha? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Mfano unaotumika ni chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kuta za matofali ya saruji zenye kimo cha mita 2.7, mlango mmoja na dirisha moja, katika nyumba ya Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani, wanamolala watoto wawili wenye umri kati ya miaka 3 na 9. Chumba chako kikiwa na vipimo tofauti, badilisha tarakimu na uiache hesabu jinsi ilivyo.

Msimamo wa mwandishi usemwe mapema, kwa sababu utaongoza kila hatua: fedha ikiwa kidogo, igharimie kwanza sehemu ya chumba iliyo chini ya mita 1.2 kutoka sakafuni. Huko ndiko mtoto anakoegemea, anakochora, anakovuta na anakotafuta vitu vyake. Mapambo ya karibu na dari hufaidiwa zaidi na mgeni anayechungulia mlangoni.

Kabla ya kuanza

Kama umepanga, pata kwanza ruhusa ya mwenye nyumba, na uipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Muulize mambo mawili: iwapo unaruhusiwa kubadilisha rangi, na iwapo utatakiwa kuirudisha nyeupe siku ya kuhama. Jibu la swali la pili linaweza kukuongezea galoni nzima ya gharama, na ni afadhali ulijue sasa kuliko wakati wa kudai amana yako.

Chagua majira. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, kuta za pwani hazikauki vizuri, na rangi inayopakwa juu ya unyevu hubanduka. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi, na likizo ya shule ya Juni inasaidia kwa kuwa watoto wanaweza kwenda kwa bibi yao wakati harufu ya rangi inaisha.

Gawa fedha yako kabla hujaingia dukani. Ikiwa kitanda na godoro tayari vipo, mgawanyo huu hufaa: kati ya kila shilingi 10,000, tenga 4,000 kwa ajili ya kuta, 2,000 kwa pazia na shuka, 1,500 kwa chandarua na taa, 1,500 kwa sakafu na mahali pa kuhifadhia vitu, na 1,000 ibaki kuwa akiba. Akiba hiyo usiiguse mpaka rangi iwe imekauka, maana kazi ya kuta ndiyo yenye tabia ya kufichua gharama mpya.

Vitu vya kuandaa ni hivi:

- Futi kamba, penseli na daftari la kuandikia vipimo.
- Skrepa, brashi ya waya, msasa wa kawaida na msasa wa maji.
- Poda ya kuzibia nyufa, ya kuchanganya na maji.
- Rola yenye trei yake, brashi ya inchi 2, na tepu ya karatasi.
- Rangi ya maji inayoweza kuoshwa, ile inayoitwa silki dukani.
- Kitenge kimoja cha yadi 6, pamoja na uzi wa rangi inayolingana nacho.
- Chandarua chenye dawa.
- Mkeka wa ukindu, na vikapu au ndoo zenye nafasi.
- Skrubu, plagi za plastiki za ukutani na engo ndogo za chuma.
- Barakoa, glavu, na magazeti au plastiki ya kufunika sakafu.

Rola, trei na ngazi huwa zimelala kwa jirani aliyemaliza kujenga. Azima kabla ya kununua.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Katika nyumba nyingi chumba cha watoto ndicho stoo. Humo hukaa mabegi ya safari, gunia la mchele, feni iliyoungua na masufuria ya shughuli. Toa vyote, hata kitanda, kisha panga mafungu matatu: vinavyorudi, vinavyohamia kwingine, na vinavyogawiwa. Sheria ya kusaidia ni kwamba kitu kisichotumiwa na mtoto hakirudi, isipokuwa kimekosa kabisa mahali pengine, na hapo kikae chini ya kitanda kikiwa kimefunikwa.

Kitanda kikiwa nje juani, kagua maungio yake na mishono ya godoro kwa ajili ya kunguni. Ukiona madoa madogo meusi kama nukta za kalamu, fungua kitanda cha mbao, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio na matundu ya skrubu, kisha kikauke kabisa juani kabla ya kukifunga tena. Shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto. Kazi hii haipendezi kuisimulia, lakini kupamba chumba chenye kunguni ni kupoteza fedha.

Hatua ya 2: Soma kuta zako

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo kazi huharibikia. Tembea chumba kizima ukiwa na taa ya simu, ukiimulika ukutani kwa ubavu ili mikunjo na nyufa zionekane, na utafute mambo manne.

La kwanza ni unga mweupe unaotoka kwenye plasta, hasa sentimita 50 za chini. Hiyo ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu, na katika nyumba za pwani huonekana sana pale mchanga wa ujenzi ulipokuwa na chumvi au maji yanapopanda kutoka kwenye msingi. Isugue kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani ya ukuta. Kisha tafuta chanzo: bomba linalovuja, beseni la kufulia lililo nyuma ya ukuta, au maji ya paa yanayomwagika karibu na msingi. Chanzo kisipotibiwa, hakuna rangi itakayodumu hapo.

La pili ni kuvu, yaani madoa meusi au ya kijani, mara nyingi nyuma ya kabati na pembeni mwa dirisha. Changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe kumi vya maji, vaa glavu, fungua dirisha, paka, acha kwa dakika 15, sugua, kisha suuza na uache ukuta ukauke.

Angalizo: usichanganye jiki na dawa ya choo wala sabuni nyingine ya kemikali. Michanganyiko hiyo inaweza kutoa hewa yenye sumu.

La tatu ni aina ya rangi iliyopo. Nyumba nyingi zilipakwa rangi ya mafuta kwenye nusu ya chini ya ukuta ili ioshwe kirahisi, na rangi ya maji ikipakwa juu yake bila maandalizi hutoka kwa vipande, wakati mwingine ikiandamana na tepu siku hiyo hiyo. Jaribu hivi: lowesha pamba kwa spiriti, sugua mahali padogo kwa nusu dakika. Rangi ikilainika na kushika pamba, ni ya maji. Isipoguswa, ni ya mafuta, na ukuta huo unahitaji kuoshwa kwa sabuni, kusuguliwa kwa msasa wa maji mpaka mng'ao uishe, na kupakwa rangi ya kwanza ya kushikiza kabla ya rangi yenyewe. Ukipitisha kiganja na kikarudi cheupe, ukuta huo una chokaa au rangi iliyochakaa, nao pia unataka kusuguliwa, kufutwa na kushikizwa.

La nne ni rangi kuukuu inayobanduka. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huathirika zaidi kwa sababu mwili wake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyomeza, naye hutia mikono mdomoni. Kwa hiyo usisugue rangi ya namna hiyo ikiwa kavu na wala usiichome moto. Ilowanishe kwa maji, ibandue kwa skrepa, kusanya mabaki yote ndani ya mfuko, funga, kisha futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Wakati wa kununua rangi mpya, tafuta kwenye kopo maandishi yanayosema kwamba haina risasi. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya sheria za nchi ni sehemu 90 kwa milioni.

Baada ya hapo ziba nyufa na matundu ya misumari kwa poda, acha ikauke, sugua kwa msasa, futa vumbi. Plasta mpya kabisa isubiri wiki nne kabla ya kupakwa chochote.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya rangi

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, kwenye ukuta laini, na 7 hadi 8 kwenye plasta yenye mikwaruzo. Chumba chetu cha mfano kina mzunguko wa mita 12. Kuta zote ni 12 mara 2.7, sawa na mita za mraba 32.4, ukitoa mlango na dirisha zinabaki karibu 28.7. Mikono miwili ni mita za mraba 57.4, yaani karibu lita 6. Galoni moja ya lita 4 haitoshi, itabidi ununue mbili.

Sasa angalia ukipaka sehemu ya chini tu, mpaka mita 1.2. Mzunguko ukitoa mlango ni mita 11.1, mara 1.2 unapata mita za mraba 13.3. Mikono miwili ni 26.6, yaani lita 2.7 kwenye ukuta laini na lita 3.8 kwenye ukuta mbaya. Galoni moja inatosha. Kama sehemu ya juu ni nyeupe na safi, iache ilivyo, uifute vumbi tu. Umeokoa galoni nzima, na ukuta wa rangi mbili unavutia zaidi kuliko wa rangi moja.

Kwa sehemu ya chini chagua silki, inayovumilia kitambaa chenye sabuni. Rangi isiyo na mng'ao ni ya bei nafuu, lakini alama ya kalamu haitoki. Kuhusu rangi yenyewe, chumba kidogo chenye dirisha moja kinataka rangi isiyo nzito: kijani cha jani changa, njano ya embe bichi linaloanza kuiva, au buluu iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Mwachie mtoto achague kati ya tatu ulizokwisha kuzichuja wewe. Ukimpa kadi nzima ya rangi za duka, atachagua nyekundu iliyokolea, na atakuwa amekushinda kwa haki.

Angalizo: nunua rangi yote siku moja na uandike namba ya mchanganyiko. Kopo la wiki ijayo linaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta.

Hatua ya 4: Paka

1. Funika sakafu, fungua soketi na swichi vifuniko vyake baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu, au vizungushie tepu kama huna uzoefu wa umeme.

2. Pima mita 1.2 kutoka sakafuni kwenye kila kona na katikati ya kila ukuta, weka alama za penseli, kisha unganisha kwa uzi ulionyooshwa. Usiiamini sakafu peke yake; sakafu nyingi zina mteremko. Ukiwa na chupa ya soda ya plastiki yenye maji nusu, ilaze juu ya ubao ulionyooka uone kama maji yamekaa sawa.

3. Bandika tepu juu ya mstari, uikandamize kwa kucha. Kisha paka ukingo wa tepu kwa rangi nyeupe ile ile ya juu na uache ikauke. Nyeupe itaziba vipenyo vidogo, na rangi ya chini haitavuja kuelekea juu.

4. Anza na kona na kingo kwa brashi, kisha jaza kwa rola, ukipitisha juu na chini kwa upana wa mita moja moja bila kuacha ukingo ukauke. Mkono wa kwanza unaweza kuongezwa maji kidogo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo. Mkono wa pili usiongezwe kitu.

5. Subiri muda ulioandikwa, kwa kawaida saa nne hivi, kisha paka mkono wa pili.

6. Toa tepu wakati mkono wa pili bado una ubichi kidogo, ukiivuta taratibu kwa pembe ya upande. Rangi ikiwa imekauka kabisa, tepu itaondoka na ukingo wake.

Ukimtumia fundi, mpe rangi mwenyewe na uwepo wakati wa kuchanganya. Ndoo iliyozidishwa maji hupaka haraka na kupendeza siku ya kwanza, lakini baada ya miezi michache ukuta huchafua nguo za mtoto anayeuegemea.

Watoto wasilale humo kwa siku mbili au tatu. Madirisha yaachwe wazi mchana kutwa.

Hatua ya 5: Shona pazia la kitenge

Kitenge cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5.5 na upana wa karibu mita 1.15. Kifue kabla ya kukikata, kwa sababu kipya kina wanga na hupungua kikifuliwa. Pazia lililoshonwa kabla ya kufuliwa hupanda juu na kuacha kizingiti wazi.

Tuseme dirisha lina upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Pazia lizidi dirisha kwa sentimita 15 juu na 15 chini, hivyo urefu wake uwe mita 1.5, ongeza sentimita 10 za pindo la chini na mfereji wa kupitishia fimbo, upate mita 1.6. Kata vipande vitatu vya mita 1.6. Kipande cha tatu kipasue katikati kwa urefu, na kila nusu uiunganishe na kipande kizima. Utapata mapazia mawili yenye upana wa jumla wa karibu mita 3.3, ambao ni zaidi ya mara mbili ya upana wa dirisha, na mikunjo itakaa vizuri. Kabla ya kukata hakikisha maua au ndege wa kitenge wanatazama upande mmoja katika vipande vyote. Kinachobaki kinatosha foronya moja ndogo.

Khanga inafaa pia, ila ina masharti yake. Kipande kimoja kina takriban mita 1.5 kwa 1.1, na jina limeandikwa kwa urefu wake. Ukikitundika ili kishuke mita 1.5, maneno yatasimama wima. Ukikitundika ili yasomeke, kitashuka mita 1.1 tu, kinachofaa dirisha dogo. Doti moja hupendeza zaidi ikiwa kitandikwa. Chagua jina la baraka au la upendo, na mafumbo ya kurushiana yaache kwa watu wazima.

Kwa shuka na mapazia mazito, masoko ya mitumba kama Karume jijini Dar es Salaam au Mlango Mmoja jijini Mwanza yana vitu imara. Tandaza shuka lote juani kabla ya kulipa. Katikati ndiko linakochakaa.

Angalizo: usiache kamba ndefu ya pazia inayoning'inia mahali mtoto anapofika. Ifupishe au uifunge juu.

Hatua ya 6: Kitanda na chandarua

Kitanda kisikae chini ya dirisha, hasa ghorofani, kwa kuwa mtoto hukifanya ngazi. Kikae kwenye ukuta wa ndani, sentimita chache kutoka ukutani ili hewa ipite na kuvu isirudi.

Kwa watoto wawili katika mita 3 kwa 3, kitanda cha double deka huokoa nafasi kubwa, na mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam hutengeneza kwa vipimo vyako. Sisitiza mambo matatu: ubao wa kuzuia kuanguka pande zote mbili za juu, ngazi iliyofungwa kwa skrubu, na maungio ya boliti badala ya misumari mitupu. Kitanda cha juu ni cha mtoto mwenye miaka 6 na kuendelea. Na kama chumba kina pangaboi, double deka ifutwe kwenye mawazo kabisa, au pangaboi liondolewe na kuwekwa feni ya ukutani au ya kusimama iliyo mbali na kitanda.

Kuna wanaotengeneza kitanda cha chini kwa paleti za mbao kutoka viwandani. Ni wazo zuri na rahisi, ila soma muhuri uliochomwa kwenye ubao. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, hizo zinafaa. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya bromidi ya methili, ziache. Zisizo na muhuri, au zenye madoa ya mafuta na kemikali, ziache pia.

Chandarua kipya chenye dawa kitandazwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika, na baadaye kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Cha pembe nne ni bora kuliko cha mviringo katika chumba cha mtoto, kwa sababu hakimgusi usoni anapojigeuza. Kifunge kwa kamba nne kwenye misumari ya zege iliyopigwa ukutani. Dari ya jipsamu haishiki ndoano. Ukilazimika kufunga darini, gonga kwa vidole mpaka usikie mlio mzito wa mbao ndipo ufunge. Kwenye double deka, cha chini kifungwe kwenye fremu ya kitanda cha juu. Mchana kikunjwe na kufungwa kwa utepe wa kitenge kilichobaki, na hapo chandarua chenyewe kinakuwa pambo.

Hatua ya 7: Sakafu na mahali pa vitu

Zulia la manyoya katika mji wa mchanga ni kazi ya kila siku. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi hukung'utwa, hufutwa, na watoto hucheza juu yake bila kuungua magoti. Chini yake weka vipande vya mpira kwenye pembe ili usiteleze.

Vitu vya kuchezea viwe ndani ya vikapu vilivyo wazi, vinavyofikika bila kuomba msaada. Ndoo za rangi ya maji za lita 20, zilizooshwa vizuri na kuvishwa kitenge, zinafaa. Zilizowahi kubeba rangi ya mafuta au thina hazifai. Safu ya vigingi vya kutundikia sare za shule iwe kwenye kimo cha mita 1 hivi, siyo kimo chako.

Kabati na shelfu ndefu zifungwe ukutani kwa engo ya chuma, plagi na skrubu. Mtoto akifungua droo tatu kwa pamoja na kuzipanda, kabati lisilofungwa litamwangukia.

Hatua ya 8: Ukuta wa kujifunzia

Juu kidogo ya mstari wa mita 1.2 ndipo pa kuandika. Kata herufi za kimo cha sentimita 10 kwenye karatasi ngumu ya boksi, shikiza ukutani kwa tepu, na upige rangi iliyobaki kwa sponji karibu kavu. Ukuta mmoja uwe ba, be, bi, bo, bu. Unaofuata da, de, di, do, du. Kisha ka na ma. Kwenye ukuta wa mita 3, acha nafasi ya sentimita 55 kutoka katikati ya silabi moja hadi katikati ya nyingine. Mtoto wa darasa la kwanza atazisoma kabla ya kulala bila kuambiwa.

Kwa picha, omba kwa seremala mabaki ya hadibodi. Edward Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia mbao laini za namna hiyo na rangi za mafuta za kawaida: mnyama mmoja mkubwa, usuli wa rangi moja, nukta na mistari. Mtindo huo unawezekana kwa mzazi asiye mchoraji. Chora umbo la twiga au kanga kwa penseli, mwache mtoto ajaze nukta kwa ncha ya nyuma ya penseli iliyochovywa kwenye rangi ya maji.

Ubao wa kuandikia uwe karibu na mlango, ambako vumbi la chaki halifiki kitandani. Nunua kopo dogo la rangi ya ubao. Ile njia ya zamani ya kuponda betri kuukuu kupata rangi nyeusi iachwe. Unga wake haufai kuguswa na watoto.

Pembeni mwa mlango weka kipimo cha urefu. Futi kamba ya fundi cherehani ina sentimita 150. Ukianzisha sifuri yake kwenye sentimita 50 kutoka sakafuni, ongeza 50 kwa kila unachosoma.

Hatua ya 9: Taa

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, kwa umeme kidogo sana. Chagua yenye mwanga wa njano kwa ajili ya usiku. Waya wa ekstensheni usipite chini ya mkeka wala nyuma ya godoro, na soketi zilizo chini zizibwe au zikingwe na kabati. Umeme ukikatika, tumia taa ya kuchaji. Mshumaa na kibatari visiingie chumba chenye chandarua.

Mambo yakienda kombo

Rangi inabanduka kama ngozi. Chini yake kuna rangi ya mafuta, chokaa au unyevu. Bandua mpaka mahali inaposhika, rudia jaribio la spiriti, shikiza, kisha paka. Kuongeza mkono wa tatu juu yake ni kuongeza uzito wa kitu kinachodondoka.

Mabaka yanaonekana baada ya kukauka. Aidha rangi haikukorogwa mpaka chini ya kopo, au ulirudia sehemu iliyoanza kukauka. Paka mkono mmoja zaidi kwenye ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, badala ya kugusia hapa na pale.

Picha za kubandika zinadondoka. Rangi mpya huhitaji wiki mbili hadi tatu ili ikomae. Bandika baada ya hapo, kwenye ukuta uliofutwa kwa kitambaa kibichi na kukauka. Gundi ya unga wa ngano isitumike, kwa sababu huita mende.

Pazia linafanya chumba kiwe na joto. Fimbo imekaa ndani ya dirisha. Ihamishe nje ya fremu, izidi sentimita 20 kila upande, ili mapazia yakifunguliwa yaache kioo na wavu wote wazi.

Kuvu imerudi nyuma ya kabati. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, ukilifunga tena kwa engo ndefu zaidi, na uache milango yake wazi mara moja kwa wiki mchana.

Mtoto amechora ukutani. Kalamu ya wino hutoka kwenye silki kwa kitambaa chenye sabuni ya maji na kusugua polepole. Krayoni hutoka kwa dawa ya meno nyeupe kwenye mswaki wa zamani. Jaribu kwanza nyuma ya mlango. Isipotoka, yale mabaki ya galoni uliyoyahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, yenye namba ya mchanganyiko ubavuni, hutosha kufuta kosa hilo kwa brashi ndogo.